Dondakoo: kadi ya chanjo isifungiwe kabatini mapema

Mhariri,

Mtoto akishapata dozi tatu za mwanzo, wazazi wengi huona kazi imekwisha. Kwa dondakoo, ugonjwa wa bakteria unaoshambulia koo, bado. Chanjo yake huufundisha mwili kuizima sumu ya bakteria, na kinga hiyo hufifia miaka ikienda. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza, baada ya zile tatu zinazoanza wiki ya 6 na kupishana angalau wiki 4, nyongeza tatu: mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Aliyekatiza haanzi upya; anaendelea alipoishia.

Miaka ya 1990, nchi zilizokuwa za Muungano wa Kisovieti zilipata wagonjwa zaidi ya 150,000, na wengi walikuwa watu wazima. Ugonjwa wa watoto, tulizoea kusema!

Utando wa kijivu ukishatanda kooni, ule unaotoa damu ukikwanguliwa, saa zinahesabika. Antibiotiki huua bakteria lakini haigusi sumu iliyokwisha kutoka. Antitoksini, yaani dawa ya kuizima sumu hiyo, huikamata ile ambayo bado inazunguka kwenye damu. Iliyokwisha kuingia kwenye chembe za moyo au neva haikamatiki tena. Kwa hiyo daktari anayeshuku dondakoo hasubiri majibu ya maabara ndipo atoe antitoksini.

Kuna kosa jingine lisilosemwa sana. Chanjo hii hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na watu huogopa joto tu, kumbe kuganda ndiko kunakoiharibu upesi zaidi. Kichupa kilichogusana na barafu kinaweza kuyeyuka kikaonekana kizima. Wahudumu wa afya, mkikitilia shaka, chukueni kingine cha toleo lilelile, kigandisheni kabisa makusudi, kiacheni kiyeyuke, kisha tikiseni vyote viwili pamoja na kuviweka mezani. Mashapo ya kile mnachokishuku yakituama upesi sawa na ya kile kilichogandishwa, au upesi zaidi, kitupwe.

Na watu wazima? Nafasi yao ya karibu ni sindano ya pepopunda wanayochomwa wakijeruhiwa. Ipo iliyochanganywa na chanjo ya dondakoo, nayo ndiyo inayopendekezwa badala ya ile ya pepopunda peke yake. Ulizeni mnachomwa ipi, na iandikwe kwenye kadi.