Mafundi, shati la mfiwa Myahudi lisishonwe ovyo

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngara, Nairobi, na nawaandikia hasa mafundi wenzangu. Sinagogi ya University Way haiko mbali nasi, na mteja Myahudi aliyefiwa anaweza kukuletea shati lililochanwa kifuani. Kabla hujatia uzi sindanoni, muulize: marehemu alikuwa nani wake?

Sheria yao inatofautisha. Mfiwa huchana vazi akiwa amesimama. Akifiwa na ndugu, mtoto, mume au mke, huchana upande wa kulia. Baada ya siku 7 za maombolezo unaweza kupiga bandi, yaani kushikiza kwa mishono mirefu iliyolegea, na baada ya siku 30 ukashona kabisa. Akifiwa na baba au mama huchana kushoto, penye moyo, na hapo ni bandi tu, tena baada ya siku 30. Kulishona likarudi kama jipya ni mwiko daima, hata ukiwa na mkono mzuri kiasi gani.

Na mkienda kumpa pole nyumbani, kaeni kimya hadi mfiwa mwenyewe aanze kuzungumza. Kanuni hii naipenda sana, maana kwenye matanga yetu mfiwa huchoshwa na maswali ya "aliugua nini?" Pelekeni matunda mazima badala ya chakula mlichopika, kwa sababu ya kosha, yaani masharti yao ya vyakula. Mkimwona Sabato amevaa vizuri, msidhani amesahau: siku hiyo inahesabiwa katika zile 7, ila maombolezo ya hadharani husimama.

Fundi cherehani,
Ngara, Nairobi