Shukrani kwa mzee wa pale Sanamu ya Askari

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikuuliza, na haraka ya daladala ikanifanya niondoke bila kukushukuru ipasavyo. Wewe ndiye uliyetukuta Posta, Dar es Salaam, mimi na wapwa zangu, tukijipiga picha kwenye Sanamu ya Askari kama watu wa kupita tu.

Ulituzungusha hadi kwenye maandishi ya Kiswahili, ukawaambia watoto wasome kwa sauti habari za wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, "miguu na mikono ya jeshi". Kumbe sanamu ile ya shaba iliwekwa 1927, na mahali pale pale Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao, hadi Waingereza walipoutwaa mji 1916 wakaiondoa! Nimepita hapo miaka mingi nikijua ni kituo cha kuelekezana tu. Kidogo inaniuma kwamba askari ndiye aliyepewa sanamu, mpagazi akaachiwa mstari mmoja wa maandishi, ingawa waliokufa kwa njaa na maradhi porini ni wao kwa maelfu.

Ukatuelekeza pia Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Tulikwenda. Wapwa walikwama kwenye magari ya Mwalimu Nyerere, wakabishana lipi zuri zaidi. Mimi nilisimama kwenye vyombo vya udongo vya Kilwa.

Ahsante sana, mzee. Ukiwa bado unapitapita Posta, mdogo amekuandalia maswali, na mengi yanamhusu Wissmann.