Colin wa Kazanlak

Sofia, 12 Novemba

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu sana. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenifanya vidole vigumu kama mihogo mikavu, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Huyo mchapishaji aliyekurudishia mswada, eti ujipe jina la Kizungu kwa kuwa safari za anga za Hamisi hazina mnunuzi, wala asikuumize kichwa. Huku hayo yalishapita.

Kuna mwandishi wa hapa Bulgaria aitwaye Lyubomir Nikolov, mzaliwa wa mji wa Kazanlak, 1950. Riwaya yake ya kisayansi iitwayo Fuko, yaani yule mchimba mashimo, ilitoka 1981. Tena ndiye aliyefasiri The Lord of the Rings ya Tolkien kwa Kibulgaria. Sehemu ya kwanza ikatoka 1990, mwaka mmoja tu baada ya Zhivkov, mtawala wa kikomunisti wa Bulgaria, kung'oka madarakani. Ukoo wa Baggins, ule wa shujaa wa kitabu hicho, umebeba neno la mfuko kwa Kiingereza, si ndiyo? Basi yeye akaandika Torbins, maana torba ndiyo mfuko wao. Nilicheka peke yangu ndani ya tramu. Akajipa na lakabu ya Narvi, yule fundi kibete wa milango ya Moria, makao ya vibete chini ya milima katika kitabu hicho hicho.

Sasa mtu wa namna hiyo, 1992 anaandika Jangwa la Moto, kitabu-mchezo cha kwanza cha Mbulgaria. Aya zina namba: ukiingia pangoni, ruka uende namba fulani, ukikosea umekufa, anza upya. Jaladani je? Colin, na ukoo wa Kiingereza juu yake! Vitabu vya nje vilikuwa vimefurika madukani na wasomaji hawataki kingine, na wenzake kadhaa wakajificha vivyo hivyo. Inauma, lakini watoto walivimaliza vile vitabu. Nimenunua kimoja cha namna hiyo kwa muuza mitumba: mwenyewe wa kwanza alikuwa akiandika alama za nguvu za mhusika wake kwa penseli, anafuta, anaandika, hadi karatasi imetoboka.

Hebu niambie, wewe Baggins ungemwitaje? Mimi nimekwama kwenye Mwamkoba, lakini huyo namwona mtu wa Kwale kabisa, na shamba lake la minazi.

Jina lako usiliguse. Nitumie sura ya tatu, naingoja tangu Ramadhani. Mama nisalimie.

Wako,
Salim