Nyumba Namba 14, Henrietta Street

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumai masomo ya usanifu majengo yanakwenda vizuri, na mama hajambo. Mimi huku Dublin ni mzima, ila baridi tu.

Nimeingia nyumba ambayo muda wote niliokuwa ndani nilitamani uwe nami: namba 14, Henrietta Street. Luke Gardiner aliijenga mwishoni mwa miaka ya 1740, zama za wafalme wa Uingereza walioitwa George. Ukiwa barabarani huoni mbwembwe. Ni ukuta wa matofali ulionyooka, madirisha safu kwa safu, hakuna roshani. Lakini tazama vipimo! Madirisha ya ghorofa ya kwanza ni marefu kwa sababu huko ndiko wageni wakubwa walikokaribishwa. Ukipanda juu zaidi yanapungua kimo. Ukuta wenyewe unakwambia heshima ilikaa wapi. Fahari waliiweka ndani: vyumba vyenye dari za juu na ngazi kubwa ukumbini. Wa kwanza kukaa humo alikuwa Lord Molesworth.

Ireland ilipounganishwa na Uingereza mwaka 1801, Bunge la Dublin likafa, na mabwana wakaanza kuhamia London. Mwaka 1877 mmiliki mpya aliing'oa ile ngazi, akazigawa sebule kuwa vyumba vya kupangisha maskini. Sensa ya 1911 ilikuta humo watu 100. Mia moja, Zuhura, katika nyumba iliyojengwa kwa familia moja! Watu walipika, walilala na kulea watoto katika kipande cha sebule ya bwana.

Sasa ni makumbusho, yalifunguliwa 2018, na kilichonigusa zaidi ni namna walivyoikarabati. Kuta za ngazini wameziacha na rangi nyekundu na buluu za enzi za wapangaji, zimechubuka vivyo hivyo. Wangeweza kupaka upya wakarudisha enzi ya Molesworth, na wale mia moja wasingebakiwa na alama yoyote. Nawapongeza kwa moyo wote. Mwalimu wako akikwambia kukarabati ni kulirudisha jengo lilivyokuwa siku ya kwanza, mbishie kwa nyumba hii.

Picha nitakutumia wiki hii. Angalia hasa zile kuta za ngazini, kisha uniandikie wewe ungefanyaje.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Mwanaisha