Mkitumulika vidole, muanze na vya askari

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka nenda rudi bila kukusumbua. Hata mlipoandika kwamba Masasi yetu ya Mtwara iko mkoa wa Lindi nilinyamaza. Ila ile habari ya wataalamu wanaomulika alama ya kidole kwa leza na kuona dawa za kulevya imenishinda. Mwandishi wako ameandika utadhani mashine inamtaja mhalifu kwa jina.

Haimtaji. Leza inapiga kwa rangi moja, na karibu mwanga wote unarudi na rangi ileile. Kiasi kidogo mno kinarudi kimebadilika rangi, na kila kemikali inaibadilisha kwa namna yake. Hayo aliyagundua Mhindi C. V. Raman mwaka 1928. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza wakaonyesha kwamba punje ya kokeini iliyoganda kwenye alama ya kidole inaweza kutofautishwa na ya aspirini, parasetamoli, kafeini au wanga. Kazi nzuri, siipingi. Lakini mashine inajibu swali moja tu: punje hii ni ya nini? Imefikaje kidoleni, hiyo haiko kwenye mwanga. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Surrey, mwaka 2020, ili kumtenga mtumiaji wa kokeini na aliyeishika tu, walitumia mashine ya aina nyingine kabisa, na watu wakanawishwa mikono kwanza. Hilo mwandishi wako kaliruka.

Mimi ni wakala wa fedha za simu hapa Chikongola. Msimu wa korosho nahesabu noti mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Kule Marekani, mwaka 2009, watafiti walitangaza kuwa karibu noti tisa katika kila kumi walizopima zilikuwa na chembe za kokeini. Na pwani yetu hii ndiyo ile ambayo Januari 2012, pale Lindi, zilikamatwa zaidi ya kilo 200 za heroini. Noti zangu zimepita mikononi mwa nani, nitajuaje?

Sasa nikueleze yaliyotupata. Mpwa wangu alikuwa anatoka Newala na basi, kabeba unga wa muhogo uliochekechwa laini kwenye mfuko wa nailoni, uji wa bibi yake. Kwenye kizuizi kimoja njiani askari akapanda, akapekua mizigo ya abiria wa mbele, akaja kwa kijana. Akachovya kidole mfukoni, kidole kilekile kilichotoka kupekua mabegi ya watu, akanusa, akapiga chafya, akasema, "Wewe shuka, hii itapimwa." Ilikuwa Ijumaa. Kijana akalala ndani hadi Jumatatu, hakuna aliyepima kitu, akaachiwa kwa kuambiwa aende zake, na unga haukurudi! Mhariri, hiyo leza mnayoisifia ingejua wanga ni wanga pale pale, hata ukiwa ndani ya nailoni yake. Kwa nini basi mmeiandika kama fimbo ya kutuchapia, wakati ndiyo ingemtoa mtoto wa watu siku ileile? Na kama ingemulikwa mikono ya kijana baada ya askari yule kumshika huku na huku, nani angebeba kesi ya alichokitoa kwenye mabegi ya wengine?

Tena mnazungumzia alama za vidole kana kwamba kila mtu anazo. Njooni mwone akina mama wanaobangua korosho. Mafuta ya ganda yamewachubua ncha za vidole mpaka zimekuwa laini kama kigae. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, kuna wanaokuja kibandani kwangu, mashine inakataa, wanafuta kidole kwenye kanga, inakataa tena. Mmoja laini yake iko kwa jina la mkwewe, na hela yake ya kubangua haitoki mpaka mkwe atake. Hilo halijawahi kupata hata kona kwenye gazeti lako.

Pendekezo langu ni dogo. Siku mashine hiyo ikifika huku kusini, kabla ya abiria kumulikwa, amulikwe kwanza askari aliyempekua: vidole vyote kumi, kiganja, na ile noti ya elfu kumi iliyokunjwa mfuko wa shati. Majibu ya wote wawili yafungwe kwenye jalada moja, hakimu ayasome kwa sauti.

Wakala wa fedha,
Chikongola, Mtwara