Mjomba, darubini imepona

Shikamoo mjomba.

Najua hii atakusomea anti maana ile simu yako maandishi hayakuzwi, kwahiyo anti shikamoo na wewe, soma taratibu usiruke.

Nimeamua kuandika hapa wazi kwa sababu kule WhatsApp tangu Januari 2025 mimi na wewe tunatumiana mikono ya kuomba na "amina" tu, na kosa ni langu, mimi ndo nilikukatia simu. Ilikua tarehe 9 Januari, huku asubuhi, huko Moshi jua linazama. Nimekaa kwenye gari nje kwa jamaa yangu mmoja Mkenya hapa Pomona, California, nimevaa nguo za kazini za tangu juzi yake, na dakika kumi nyuma nimetumiwa picha ya nyumba niliyokua naishi Altadena, mji wa chini ya mlima karibu na Los Angeles, yaani ya pale nyumba ilipokua kabla ya moto, limebaki dohani la matofali na lile tanki la maji ya moto limesimama peke yake kama mlevi aliyeshushwa stendi siyo. Simu ikaita nikaona ni wewe, nikajua sasa nalia. Hukusema pole. Ukasema, "Mjomba, na ile darubini ya Mount Wilson imepona?"

Yaani ile darubini kubwa ya kutazama nyota, iliyo kileleni juu ya Altadena. Nikakata, ukapiga tena, nikazima kabisa.

Sasa acha nikueleze ilivyokua maana hata mama nimemsimulia vipande vipande tu.

Siku ya tarehe 7 upepo ulianza asubuhi. Huku wanauita Santa Ana, unatoka jangwani kule bara unashuka milimani kuja baharini, na unavyoshuka unabanwa, unapata joto na kukauka, ile fizikia yako ya form three kabisa. Miaka miwili nyuma mvua zilikua nyingi, vichaka vikaota mpaka barabarani, alafu tangu mwezi wa tano 2024 mvua kama haikunyesha kabisa. Kwahiyo mlima mzima ulikua kuni. Saa nne na nusu asubuhi Palisades kule upande wa bahari kukawaka, sisi tukawa tunaangalia kwenye TV tukiwaonea huruma watu wa mbali, nakwambia ukweli, tunakula na chipsi. Ilipofika saa 12:18 jioni moto ukaanza Eaton Canyon, juu ya Altadena hapohapo, na huo ndo wakaja kuuita Eaton Fire.

Mimi nilikua nimepanga chumba cha uani kwa Bibi. Namwita Bibi, nilishamwambia maana yake na anaitika. Ana miaka 84, Mmarekani mweusi, yeye na marehemu mume wake walinunua ile nyumba miaka ya sabini kwa sababu zamani sehemu nyingi mtu mweusi alikua hauziwi nyumba, benki hazikopeshi, lakini Altadena upande wa magharibi wa Lake Avenue iliwezekana. Hiyo Lake Avenue ikumbuke mjomba, ntairudia.

Tukatoka nje tukaona anga la mashariki limekua rangi ya nyanya. Nikasema Bibi tuondoke. Akasema moto wa 1993 aliuona kwa macho yake, ule wa Kinneloa, uliishia kulekule juu, hautashuka huku mitaani kwenye lami. Na mimi mgeni naanzaje kubishana na mtu aliyekaa pale miaka hamsini? Umeme ukakatika. Nikapiga kazini nikawaambia usiku huu siji, wazee wa huko wana watu wa kuwatazama, huyu wa kwangu hana. Tukakaa sebuleni na tochi ya simu, simu naitazama kila dakika nasubiri ile sauti ya dharura inayolia kama mbuzi anachinjwa, maana wenzetu wa mashariki ya Lake Avenue ilishawalilia tangu saa moja moja jioni wakaondoka. Sisi kimya. Nikajua basi Bibi yuko sahihi, kama ingekua hatari wangetuambia.

Saa saba usiku nikatoka kuangalia, nikakuta cheche zinapita usawa wa kichwa. Siyo cheche kama za jiko la mkaa mjomba, ni vipande vya mbao na magome ya miti ukubwa wa kiganja vinaruka kulala na upepo, vinagonga kuta, vinajikusanya kwenye kona ya ngazi kama majani makavu. Kuna nyumba ya tatu toka kwetu, nimeitazama hii kwa macho yangu, nje ilikua nzima kabisa, nyasi kijani, pazia zimefungwa, alafu dirisha la juu likawa la njano kama mtu kawasha taa. Ilikua inaungua kuanzia darini. Cheche zinaingia kwenye vile vitundu vya hewa chini ya paa, nyumba zenyewe kuta zake ni mbao, kwahiyo moja ikiwaka inaipa jirani. Ndo maana asubuhi miti ilikua kijani na nyumba hakuna, watu mkaanza kusambaziana video eti kuna silaha ya siri. Hamna silaha, ni kitundu cha hewa.

Sikumwambia tena Bibi kwa upole. Nilimbeba. Mtu wa kilo 60 na tulivyozoea kunyanyua wazee kazini wala sikuona taabu, ila alinitukana mpaka kwenye gari. Nilichukua bahasha ya pasipoti, dawa zake za presha, na usinicheke, raiskuka. Sijui kwa nini raiskuka. Ilikua karibu na mlango. Yeye alichukua kofia ya mume wake na akasahau meno ya bandia kwenye glasi jikoni, tumefika chini kabisa barabara kuu ndo ananigeukia anaongea maneno hayaeleweki nikadhani kapata kiharusi, kumbe ni meno.

Amri ya kuondoka kwa mtaa wetu ilikuja saa 9:25 usiku. Sisi tulishatoka, majirani wengine hawakuwahi. Hadi mwezi wa sita 2025 waliohesabiwa kufa Altadena walikua watu 18 na karibu wote ni magharibi ya Lake Avenue, wengi wazee, baadhi hawawezi kutembea. Nyumba na majengo zaidi ya 9,400 yameisha. Msikiti wa pale Lake Avenue umeungua, kanisa limeungua, shule zimeungua.

Sasa fikiria nimetoka kwenye hayo ndo unaniuliza darubini.

Ngoja nikujibu basi, miezi mitano baadae. Imepona. Moto ulifika karibu na kile kilele tarehe hiyohiyo 9 uliyopiga, wafanyakazi walishaondolewa, wazimamoto wakasimama pale na majengo yote yakabaki. Ile yenye kioo cha upana wa inchi 100 iko salama. Siyo mara ya kwanza kuponea chupuchupu, mwaka 2009 ule Station Fire uliikaribia na 2020 Bobcat Fire ulifika umbali wa kama mita 150, kwahiyo wenyewe wameshazoea kufyeka vichaka kuzunguka majengo. Na JPL pale bondeni, wale wa roketi na vyombo vya Mars, moto haukuwagusa, upepo tu uliwaharibia vitu kidogo. Ila hili utalipenda: watu wote walitolewa kwenye kile chumba chao cha kuongea na vyombo vya angani, kazi ikahamishiwa nje ya pale, na ikawa mara ya kwanza ndani ya miaka 60 hakuna binadamu kwenye kile chumba. Voyager yako, kile chombo cha angani ulichokua unatuchorea ubaoni, ilikua inaendelea kwenda zake na antena za Goldstone, Madrid na Canberra zinaisikiliza, ila wenye viti hawapo, wengine nyumba zao zinaungua saa hiyohiyo. Siku zile za kwanza tu mkurugenzi wao wa wakati ule Laurie Leshin alisema wafanyakazi zaidi ya 150 wamepoteza nyumba kabisa.

Nilikaa na hasira na ule mlima muda mrefu. Kila nikipita barabarani naona minara yake kule juu imesimama, nasema kumbe vioo vina walinzi na bibi zetu hawana. Na niliuzungumza huo upuuzi kwa watu wengi sana. Mpaka siku moja namwambia mzimamoto mmoja mstaafu ambaye namhudumia kazini, akanisikiliza mpaka mwisho akaniambia ule usiku wa kwanza ndege hazikuruka kwa sababu vileleni upepo ulikua unafika kilomita 160 kwa saa, hata maji ukiyamwaga yanapeperuka, na chini mabomba ya maji ya barabarani presha imekufa maana kila mtu anavuta kwa pamoja. Mlima ulipofikiwa tarehe 9 upepo ulishapungua. Hakuna aliyekaa akachagua darubini akawaacha watu. Nikamwelewa, kwa hilo nikaushusha moyo.

Lakini meseji haihitaji ndege mjomba. Meseji haisukumwi na upepo. Watu wa mashariki waliipata jioni na sisi usiku wa manane, na hapo hajanijibu mtu, wala yule mzee hakunijibu, aliangalia dirishani tu. Kwahiyo hasira imebaki ila nimeihamisha pahala pake, mlima nimeuachia.

Na wewe pia nimekuachia, ila kwa sababu nyingine.

Nilikua napanga picha za zamani kwenye simu juzi nikakutana na zile ulizonitumia Oktoba 2020, Kilimanjaro inawaka, ule moto wa kule Whona, usiku mlima una mstari mwekundu kama shanga. Nikakumbuka nilivyopiga simu. Nilikua kazini, nimeona kwenye Instagram, nikapiga huku natetemeka, na neno langu la kwanza anti ni shahidi lilikua "Mlima vipi, umeungua kiasi gani, mnauona kutoka nyumbani?" Na wewe ukanielezea kwa utulivu kabisa, vijana wanapanda na matawi ya kupigia moto, moshi uko upande gani. Nikashukuru nikakata. Wiki nzima baadae mama ndo ananiambia kwamba siku ile ulikua una siku ya pili toka ufanyiwe operesheni ya mtoto wa jicho, umefungwa bandeji, hukuona chochote, anti ndo alisimama uani anakutangazia mlima na wewe unanitangazia mimi. Sikukuuliza hata jicho. Na hukunikatia.

Ndo hivyo. Nimekaa nayo siku tatu alafu nikaanza kuandika.

Kitu kingine. Mwezi wa pili waliporuhusu tuingie na Bibi, tulivaa yale maovaroli meupe na maski maana majivu yale siyo ya kuni, ni rangi za zamani, betri za magari, madini ya risasi yamo mle. Mlimao wa uani ulikua hai, upande mmoja umeungua upande mwingine una malimao kama hakuna kilichotokea. Tukachekecha pale jikoni na chujio. Meno hatukuyaona. Glasi tuliiona. Imeyeyuka ikakunjika ikalala kama ulimi, na ndani yake kumeganda msumari. Bibi akaishika muda mrefu akacheka bila meno, maana bima ya meno mapya bado wanazungushana naye, akaniuliza ile glasi iliyeyuka kwa joto gani. Nikamwambia simjui wa kujibu hilo ila mmoja, yuko Moshi. Nikamhadithia kuhusu wewe, ulivyokua unatuambia kwamba kioo cha darubini ya Mount Wilson kilimwagwa Ufaransa kwa glasi ileile ya chupa za mvinyo, tani nne, na mtu mmoja anaitwa Hubble alikaa nacho mwaka 1923 usiku kwa usiku akaona Andromeda siyo wingu bali ni galaksi nyingine kabisa huko nje. Bibi kakaa chini ya ule mlima miaka hamsini na hajawahi kupanda, mimi nimepanda mara moja tu 2022 nikakupigia picha ile ya kiti cha mbao cha Hubble, unakumbuka, ukaniambia mbona hujakikalia.

Akanipa ile glasi. Akasema mpelekee mwalimu.

Nimeiosha mara tatu, nimeiweka kwenye mfuko wa plastiki alafu ndani ya soksi. Kuna mtu anakuja mwezi wa nane anashukia uwanja wa ndege wa KIA, atakupigia. Msumari umeshika vizuri, usijaribu kuuchomoa, na uniambie ni digrii ngapi.

Jicho linaendeleaje?

Mpwa wako.