Bustanini ni wapi kwa Kijerumani?

Leipzig, Jumapili jioni

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye tramu. Umechoka, ndugu yangu, nimekusikia. Ndiyo maana nimeona nikae nikuandikie.

Unasema mwalimu wenu wa Kijerumani kawaambia hivi kuhusu sura ya der, die, das baada ya vihusishi kama in na auf: pakiwa na mwendo ni akuzativi (der inakuwa den), pakiwa na utulivu ni dativi (der inakuwa dem). Kanuni hiyo ndiyo iliyonipoteza mwaka mzima. Das Kind läuft im Garten (im ni in dem kwa kifupi): mtoto anakimbia, jasho linamtoka, na bado ni dativi. Das Kind läuft in den Garten: hapo ndipo akuzativi. Mbio zimo kote kuwili, Rehema! Ila wa kwanza yumo bustanini tayari. Wa pili alikuwa nje, sasa anaingia.

Hebu yaseme hayo kwa Kiswahili. Mtoto anakimbia bustanini. Mtoto anakimbilia bustanini. Umeona? "Bustanini" haikuguswa, kilichogeuka ni kitenzi, kwa kauli ile ya kutendea tuliyosoma shuleni. Anaruka kitandani, auf dem Bett. Anarukia kitandani, auf das Bett. Mzigo ambao Wajerumani wameuweka kwenye der, die, das, sisi tumekitwika kitenzi. Siku nilipong'amua hilo nilikuwa natandika kitanda cha mgonjwa; nilisimama na shuka mkononi nikirudiarudia moyoni: kimbia, kimbilia, ruka, rukia.

Mtihani huo wa bustani ni wa vihusishi tisa tu: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen. Vingine havijali. Zu na nach ni vya safari kabisa, lakini vinadai dativi siku zote: ich gehe zum Arzt, naenda kwa daktari. Aus, bei, mit, seit na von vivyo hivyo. Durch, für, gegen, ohne, um: akuzativi. Hivi nilivikariri kwa kuviimba nikiosha vyombo.

Jihadhari na kitu kimoja. Ich warte auf den Bus, nasubiri basi: umesimama kituoni, hata hatua hujapiga, na ni akuzativi. Hapo bustani haikusaidii. Warten auf kishike kizima, kitenzi na kihusishi chake, kama neno moja.

Niandikie sentensi tano za auf, kila moja kwa sura zake mbili, na Kiswahili chake pembeni. Nitazisahihisha Jumatano nikitoka zamu ya usiku. Mama msalimie sana.

Wako,
Neema